Nimejitolea kwenye programu huria, wiki ya saba hakuna anayenijibu

SWALI

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni afisa TEHAMA katika hospitali moja ya wilaya, Kanda ya Ziwa, mwaka wa saba sasa. Tunatumia programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa. Mwaka huu niliamua nami nichangie, maana tumefaidika nayo bila kulipa hata senti. Niligundua kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja anaonyeshwa umri '0', na muuguzi wa kliniki ya watoto inabidi ahesabu miezi kwa vidole. Nikarekebisha ili ionyeshe miezi. Nilipokuwa humo ndani nikapanga upya faili nyingine zilizokuwa zimevurugika, nikaongeza na tafsiri za Kiswahili. Nilifanya usiku kwa usiku, wiki sita, kwa kompyuta yangu na bando langu. Nikatuma. Hii ni wiki ya saba, hakuna aliyenijibu. Kiingereza changu si kizuri, labda wamenidharau. Mume wangu anasema nawatumikia wazungu bure, na kwamba kampuni kubwa huchukua kazi za watu kama mimi zikaziuza. Mwenzangu kazini naye ananitisha kuwa mwajiri anaweza kudai kazi hiyo ni mali yake. Nina saa nne tu kwa wiki na sitaki kukata tamaa. Je, niendelee? Na nikiendelea, nitoe nini hasa?"

JIBU

Dada, nimeisoma barua yako mara tatu. Umeuliza mambo kadhaa, lakini naona moja ndilo linalokuuma: ulitoa kitu kwa moyo safi, ukakutana na ukimya. Maneno ya mumeo na ya mwenzako kazini yamepata nguvu kwa sababu ukimya huo umeyafungulia mlango. Kwa hiyo nitaanza na ukimya.

Nimekaa pande zote mbili za jambo hili. Nilianza kwa kutuma viraka, yaani marekebisho madogo, kwenye miradi ya watu, na kwa miaka tisa sasa mimi ni mmoja wa walezi watatu wa mradi mdogo wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake (maagizo yanayoiendesha) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha. Mlezi ni yule anayekagua michango ya wengine, anayeamua kipi kiingie, na anayetafutwa kikiharibika. Hakuna anayetulipa. Jumamosi alfajiri nafungua kompyuta, nakuta maombi kumi na kitu ya kuunganisha msimbo, yaani watu wanaoomba marekebisho yao yaingizwe kwenye programu, na nina saa mbili kabla watoto hawajaamka. Unadhani naanza na lipi? Naanza na lile la mistari 15, lenye maelezo ninayoyaelewa kwa kusoma mara moja. Linalofuata ni kama hilo. Kisha nafika kwenye ombi lililogusa faili 40, na mtumaji simfahamu. Nasema moyoni, hili nitalisoma nikitulia. Jumamosi ya kutulia haiji. Sijamdharau mtu, na Kiingereza chake hata sijafika kukiona.

Sina shaka kubwa kwamba hilo ndilo lililokupata. Umesema kiraka chako kina marekebisho ya umri, upangaji upya wa faili, na tafsiri, vyote ndani ya kifurushi kimoja. Mkaguzi hawezi kukipokea kimoja akakirudisha kingine. Ama avimeze vyote, ama aviache vyote. Akikuta jambo moja tu lenye utata, mengine yote yanakwama pamoja nalo.

Kuna dhana iliyo nyuma ya haya ambayo watu wengi huja nayo, nami nilikuja nayo. Tunadhani kwamba miradi huria ina upungufu wa msimbo, hivyo anayeleta msimbo mwingi ameleta msaada mwingi. Sivyo. Fikiria mtu anamletea jirani yake mbuzi wa zawadi. Aliyetoa ametoa siku moja. Aliyepokea ndiye atakayemlisha, kumtibu na kumtafuta anapopotea, miaka na miaka. Kila mstari unaoingia kwenye mradi lazima ujaribiwe upya kila toleo linapotoka. Lazima awepo mtu anayeuelewa siku utakapogoma saa sita usiku katika hospitali ya mbali. Wewe umetumia wiki sita. Mlezi anaombwa miaka kadhaa. Kinachopungua kwenye miradi hii ni macho ya kusoma na kupima, pamoja na muda wa watu wachache wanaoaminiwa.

Mwaka 2024 dunia ilionyeshwa hatari ya upungufu huo. Kuna programu ndogo ya kubana data iitwayo xz, inayopatikana kwenye mashine nyingi sana za Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta. Kwa miaka mingi ililelewa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, kwa muda wake wa ziada. Mwaka 2022 watu wakaanza kumsonga kwa barua pepe: mbona viraka vinachelewa, mbona hampi mwingine usukani. Alijibu kwamba hiyo ni kazi ya kupenda tu, hailipwi. Wakati huohuo mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa akituma viraka vizuri kwa subira, tangu 2021, mpaka akaaminiwa na kupewa funguo. Matoleo mawili yaliyotoka mapema 2024, la 5.6.0 na la 5.6.1, yakawa yamefichwa ndani yake mlango wa siri wa kuingilia mashine za watu. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mchangiaji wa PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata. Alikuwa akipima mambo mengine kabisa, akaona kwamba kuingia kwenye mashine iliyo mbali kwa njia salama iitwayo SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Akaifuatilia hiyo nusu sekunde, na tarehe 29 Machi 2024 akaitangazia dunia alichokikuta, kabla matoleo hayo hayajasambaa sana.

Nimekusimulia haya ili uelewe hofu ya mkaguzi wako. Programu unayoichangia imebeba siri za wagonjwa. Mtu asiyemfahamu anapoleta mistari mingi iliyogusa kila kona, kuchelewa kuipokea ni uangalifu, hata kama adabu ya kukujibu japo mstari mmoja ilikosekana, na kweli ilikosekana. Angalia pia kilichookoa watu katika kisa hicho: mtu mmoja aliyepima, akashangaa, akafuatilia. Kazi ya namna hiyo unaiweza. Umeshaifanya kwenye kliniki ya watoto.

Sasa tushike kiraka chako.

Kitenganishe. Marekebisho ya umri yawe peke yake, na nina hakika yatakuwa mistari michache sana. Kabla ya kuyatuma upya, fungua tiketi, yaani taarifa kwenye ukurasa wa mradi, inayoeleza tatizo bila kutaja msimbo: nimesajili mtoto aliyezaliwa miezi minne iliyopita, nimefungua kadi yake, nimeona umri 0, nilitarajia kuona miezi 4. Mtu yeyote duniani ataweza kurudia hatua hizo kwenye mashine yake na kuona unachokiona. Kisha ombi lako la kuunganisha liirejelee tiketi hiyo, na liseme umepima vipi. Kama mradi una majaribio ya kiotomatiki, ongeza jaribio moja linaloshindwa bila kiraka chako na kufaulu kikiwepo. Mkaguzi akiona hilo, nusu ya kazi yake umeshamfanyia.

Hapa nina jambo la kukuuliza. Umeweka miezi. Je, ulikaa na yule muuguzi ukamuuliza kama miezi inamtosha? Kwa ratiba ya chanjo ya Tanzania, chanjo ya pentavalenti hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, na ya surua na rubella miezi 9 na 18. Kwa mtoto mchanga muuguzi anahesabu wiki, baadaye anahesabu miezi, na bado anaihesabu baada ya mwaka wa kwanza kupita. "Mwaka 1" kwa mtoto wa miezi 18 inamnyima habari anayoihitaji. Huenda kiraka sahihi kionyeshe wiki mwanzoni, kisha miezi mpaka miaka miwili, ndipo miaka. Mwenye kujua ni yeye, na wewe unaweza kutembea hatua 50 ukamuuliza. Mtengeneza programu aliyeko Oslo au Bengaluru hana njia hiyo. Barua yako inasema una saa nne kwa wiki. Mimi naona una saa nne na mlango wa kliniki, na huo mlango ndio utaalamu wako.

Unapopiga picha ya kioo kuonyesha tatizo, dada yangu, usitumie mgonjwa wa kweli. Hata jina moja, hata namba ya kadi. Tengeneza mgonjwa wa kubuni kwenye mashine ya majaribio. Kinachowekwa kwenye tiketi ya mradi huria kinasomwa na dunia nzima na hakifutiki kirahisi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na wasomaji wangu wa Kenya wana yao ya 2019. Lakini kabla ya sheria, ni aibu ya mama wa watu kukuta maradhi ya mwanawe yako hadharani.

Ukishatuma kiraka kidogo, subiri wiki mbili. Kisha andika mara moja tu, kwa upole, ukiuliza kama kuna jambo unaloweza kufanya kurahisisha ukaguzi. Usiseme "mbona hamnijibu". Miradi mingi ina mahali pa mazungumzo ya papo kwa papo na kikao cha mtandaoni cha kila wiki au mwezi. Ingia hapo, jitambulishe, sema unatoka hospitali inayotumia programu yao. Watu hao wana njaa ya kusikia kutoka kwa wanaoitumia kazini. Wakati unasubiri, wakagulie wengine. Chukua viraka viwili vilivyokaa bila kusomwa, vipakue, vijaribu kwenye mashine mojawapo ya zile zenu za zamani, andika ulichokiona: imefanya kazi, au imegoma hapa. Huhitaji ruhusa ya mtu wala cheo. Mimi binafsi jina la mtu aliyenipimia viraka vya wenzake silisahau, na ombi lake likija nalifungua kwanza.

Kuhusu Kiingereza: andika sentensi fupi. Wengi watakaokusoma nao wamejifunza lugha hiyo darasani.

Na tafsiri zako za Kiswahili, hizo zisimezwe ndani ya mambo mengine. Zinastahili ombi lake zenyewe, na pengine ndiko ungeweka saa zako nyingi. Nitakaa kidogo hapa, maana watu huona tafsiri kama kazi ya wasiojua kuandika msimbo, na wanakosea.

Chukua neno moja, "imefutwa". Waandishi wengi wa programu hujenga ujumbe kwa vipande: jina la kitu, halafu tendo. Kwa Kiingereza tendo halibadiliki, hivyo kipande kimoja kinatosha kwa vitu vyote. Kwetu mgonjwa amefutwa, kipimo kimefutwa, jina limefutwa, miadi imefutwa. Mfasiri anapewa kisanduku kimoja cha kujaza tendo. Akiandika lolote, programu itasema "mgonjwa imefutwa" au "kipimo amefutwa", na mtumiaji atadhani aliyefasiri hajui Kiswahili. Tiba ni mwandishi wa msimbo aache kuunganisha vipande, aweke sentensi nzima kwa kila kitu. Hawezi kuliona tatizo hilo mpaka mzungumzaji wa lugha yenye ngeli amwonyeshe. Ukilifungulia tiketi likatatuliwa, umewasaidia pia wa Kinyarwanda, Kirundi na Luganda, ambao wana ngeli kama sisi.

Au chukua saa. Programu inamtumia mama ujumbe wa simu: njoo kliniki kesho saa 8:00. Aliyeandika amekusudia asubuhi. Mama anaisoma saa nane, anafika mchana, kliniki imefungwa, na kwenye kumbukumbu anaandikwa kuwa hakuhudhuria. Mwisho wa mwezi mtu atatoa takwimu za wanaokatisha dawa na yule mama atakuwemo. Hakuna hitilafu kwenye msimbo, kila kitu kimefanya kama kilivyoamriwa, na bado mgonjwa ameumia. Anayeweza kuigundua hitilafu hiyo ni mtu aliyekulia ndani ya saa zetu.

Kazi hii ina waliotutangulia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Ukiingia kwenye tafsiri, tafuta kwanza orodha ya maneno yaliyokwisha kutumika kwenye mradi wako, uyafuate hata yale usiyoyapenda sana. Kitufe kikiitwa "hifadhi" ukurasa huu na "tunza" ukurasa unaofuata, muuguzi atadhani ni mambo mawili tofauti.

Nije kwa mumeo. Nimpe haki yake kwanza: kuna kampuni zilizotajirika kwa msimbo wa watu waliojitolea, na nyingi hazikurudisha kitu. Kuuliza nani anafaidi na jasho la mkewe ni wajibu wake. Lakini picha aliyonayo ina kasoro mbili.

Ya kwanza ni kuchanganya huria na bure. Lugha yetu imetupa maneno mawili, tuyatumie. Programu huria ni ile ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza. Bei ni jambo jingine. Leseni nazo zinatofautiana, na hapa ndipo unapaswa kusoma kabla ya kutoa. Chini ya leseni ya GPL, anayesambaza programu aliyoibadilisha lazima atoe na msimbo wake chini ya masharti yaleyale, hivyo mchango wako hauwezi kufungiwa ndani ya bidhaa ya mtu. Leseni za MIT na Apache ni legevu zaidi: kampuni inaweza kuuchukua msimbo ikauingiza kwenye bidhaa iliyofungwa, ilimradi itunze tangazo la hakimiliki. Hakuna iliyo mbaya. Ila kama wazo la kampuni kuifungia kazi yako ndani ya bidhaa yake linakukosesha usingizi, chagua mradi wa GPL. Katika miradi mingi hakimiliki ya ulichoandika hubaki kwako; unachotoa ni ruhusa. Michache hudai usaini mkataba wa kuwapa haki zaidi. Huo usome mstari kwa mstari.

Kasoro ya pili ni hilo neno "wazungu". Hukuutaja mradi unaouchangia, nami sitaukisia, lakini chukua mfano wa OpenMRS, mojawapo ya programu huria za kumbukumbu za wagonjwa zinazotumika sana. Wazo lake lilianza 2004, Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, walipofika Eldoret, Kenya, ambako wagonjwa wa VVU walikuwa wakiongezeka kuliko makaratasi yalivyoweza kuwabeba. Mwaka 2006 ikaanza kutumika hukohuko Eldoret. Kwenye kumbukumbu ya mgonjwa ya OpenMRS kuna sehemu ndogo inayosema kama tarehe ya kuzaliwa ni ya uhakika au ya kukadiria. Wewe na mimi tunajua kwa nini sehemu hiyo inahitajika. Kuna bibi anayejua tu kwamba alizaliwa mwaka wa njaa. Ushahidi nayo, programu huria ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani, iliyozaliwa Kenya 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ilikuja kutumika nchi nyingi za mbali na hapa. Unapotoa kwenye mradi wa namna hii, anayepokea kwanza ni muuguzi wa hospitali yako, kisha wa Kigoma, kisha wa Kitale. Mwambie mumeo hivyo, halafu mkubaliane ni usiku upi wa wiki ni wa kompyuta na upi ni wa nyumbani. Wiki sita za usiku kwa usiku zilikuwa nyingi, na nadhani sehemu ya ukali wake inatoka huko.

Mwenzako wa kazini anakutisha, lakini jambo analolitaja ni la kweli na nisingependa ulipuuze. Sheria za hakimiliki, Tanzania na Kenya pia, zinaanza na msimamo kwamba kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika utekelezaji wa ajira yake ni ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Kutumia kompyuta yako, bando lako na usiku wako kunakusaidia. Hakumalizi hoja, kwa sababu ulichorekebisha ni mfumo uleule ulioajiriwa kuutunza. Na mradi wenyewe huenda ukakutaka uthibitishe kwamba una haki ya kutoa msimbo huo. Usithibitishe usilokuwa na hakika nalo. Njia nzuri ni barua ya ukurasa mmoja kwa mganga mfawidhi: tunatumia programu hii, nimepata kasoro hii, nimeirekebisha kwa muda wangu, naomba kibali cha maandishi kuirudisha kwa mradi ili matoleo yajayo yaje nayo tayari. Viongozi wengi watalikubali, maana hospitali ndiyo inayofaidi. Wakisita, au mkataba wako ukiwa na kifungu kuhusu ubunifu na hakimiliki usichokielewa, mpelekee mwanasheria auone kwa macho yake. Mimi si mwanasheria na mkataba wako sijauona.

Kuna wanaoniuliza kama kujitolea huku kutawaletea kipato. Wakati mwingine huleta, na sitaahidi zaidi ya hapo. Google Summer of Code, mpango wa kuwalipa wachangiaji wapya wa miradi huria ulioanza 2005, tangu 2022 unapokea hata wasio wanafunzi. Outreachy, mpango mwingine wa namna hiyo, hulipa dola 7,000 za Marekani kwa miezi mitatu, ila inadai saa 30 kwa wiki na haimfai mwenye ajira ya kutwa kama wewe. Kwako faida iliyo karibu ni kwamba kazi yako inaonekana hadharani kwa jina lako, na ukaguzi utakaopata ni shule ambayo wengine huilipia.

Kwa upande wa bando, Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, imekusudiwa kufanya kazi bila mtandao. Linus Torvalds aliiandika 2005, na kila nakala hubeba historia nzima ya mradi, hivyo unaweza kusoma, kubadilisha na kuhifadhi hatua zako umeme ukiwa umekatika na modemu imezimwa, ukatuma siku ukipata mtandao. Mradi ukiwa mkubwa mno, iamuru ikuletee toleo la karibuni tu bila historia; utaokoa sehemu kubwa ya bando.

Ukitaka kujua kama mradi wenyewe bado uko hai, tazama tarehe. Viraka vya wengine vimeunganishwa lini mara ya mwisho? Kama ni wiki iliyopita, subira yako ina mahali pa kwenda. Kama ni mwaka juzi, hakuna anayekusoma, na hapo unaweza kukiweka kiraka kwenye nakala ya hospitali yenu peke yake, leseni inaruhusu. Ujue tu gharama yake: kila toleo jipya likija utakirudishia kwa mkono, na siku ukihamishwa, atakayekurithi hatajua kwa nini umri unaonekana tofauti. Liandike mahali.

Jambo jingine nimelisoma katikati ya mistari yako. Ukiona kwamba hulali, moyo unakudunda simu inapolia kwa ujumbe wa mradi, au unaanza kuwakasirikia walio nyumbani kwa sababu ya watu usiowahi kuwaona, pumzika mwezi mzima, uwaambie walezi kwamba umepumzika, na umwone mshauri au daktari ana kwa ana. Hilo si la kuniandikia mimi. Na kama kuna atakayekutukana au kukudhalilisha ndani ya mradi, usibishane naye; miradi mingi ina kanuni za mwenendo na watu waliowekwa kupokea malalamiko. Hifadhi ujumbe huo, uwapelekee.

Usifanye peke yako pia. Bila shaka kuna afisa TEHAMA mwingine katika wilaya ya jirani anayetumia programu hiihii, na muuguzi wake naye anahesabu miezi kwa vidole. Mtafute, mkae meza moja siku moja, yeye apime kiraka chako kwenye mashine yake kabla hujakituma tena.

Kwa wiki hii, tumia saa zako nne hivi. Saa moja nenda kliniki ya watoto, ukae na muuguzi, uone anavyosoma umri kuanzia mtoto wa wiki sita mpaka wa miaka miwili. Saa moja ya barua ya kuomba kibali. Mbili zilizobaki zitumie kuandika tiketi na kukitenga kiraka cha umri kwenye tawi lake, yaani nakala ya pembeni ya msimbo. Usikitume mpaka kibali kitoke. Kikitoka, funga ombi lile la zamani wewe mwenyewe kwa kuandika mstari mmoja kwamba umeligawa, ili mkaguzi asilikute na kukata tamaa. Kule kupanga upya faili kubaki kwenye tawi lako kwa sasa. Usikufute, siku mtu wa mradi atakapokujibu na mkazoeana, muulize kama wanakuhitaji.